Siku ya Kumi na Tisa

Tangu Jumatatu ile umeme ulipokatika
hajagusa chakula.
Kidevu kimemvimba kama mtoto aliyeficha ubuyu darasani.

Anaumwa? wateja wananiuliza.
Haumwi. Analea.
Alitaga juu ya jiwe, akageuka,
akayaokota mayai moja moja kwa kinywa
kabla ngogo hajanusa.
Dume ana madoa ya njano chini ya mkia,
mfano wa mayai yaliyosahaulika;
jike akayafuata madoa ayaokote,
akaambulia mbegu.
Wanawake wakacheka mpaka rola zikawadondoka.

Saluni yangu ipo Mwanjelwa, nyuma ya soko,
na vinywa havifungwi hapa tangu saa mbili asubuhi:
nani kaachwa, nani kajenga Uyole kwa hela za nani.
Nasuka, naitikia ehee,
jicho moja liko kwenye kioo,
si kile cha kujitazamia.
Mle ndani anayageuza, anayageuza,
kama mtu anayetafuna neno asilitoe.

Juni. Loleza haionekani kwa ukungu.
Hita imezimika, maji yanapoa.
Nikachemsha sufuria mbili juu ya mkaa,
nikajaza chupa, nikaziegemeza kwenye tangi,
nikalifunika kwa blanketi dogo la kijivu
lililokaa kabatini miaka minne
bila kumfunika mtu.

Mpwa wangu Gwamaka ndiye aliyemleta kutoka Matema,
kwenye ndoo ya mafuta ya kula.
Akapiga simu: Mkamue, shangazi.
Mshike kichwa chini, mfungue kwa njiti ya kiberiti,
watoto wamwagikie bakulini.
Ukiwaacha humo na wale wengine, hupati hata mmoja.

Siku ya kumi na saba nilimshika.
Mwepesi, mbavu tupu.
Mashavu yakanipigapiga kiganjani.
Nikamrudisha.

Tulikuzwa kwa kuambiwa mdomo huponza kichwa.
Hatukuambiwa kwamba unaweza kuwa chumba,
na mwenye nyumba akalala njaa mlangoni.

Leo, Tupokigwe yuko kitini, nusu kasukwa,
katikati ya habari ya mke wa Mwaijande,
samaki akafungua.
Wakatoka kama punje za ulezi zenye macho.
Nikahesabu kumi na mmoja, wakachanganyika.
Ngogo akainuka kutoka chini ya chungu, taratibu,
masharubu mbele.

Mama akashusha kichwa tu.
Wote wakarudi ndani, wakisukumana,
akafunga.

Ya Mwaijande hatukuimalizia.
Kichana kilikuwa mkononi mwangu, sijui kwa muda gani.

Usiku mgao tena.
Asubuhi walikuwa saba.
Gwamaka sijamwambia.
Mama yao alidaka punje mbili za chakula,
akatema moja.