Wino wa Ngisi

Saa kumi na moja jioni, Jumamosi. Donostia iko chini ya manyunyu
yasiyolowesha wala kukoma,
nami nimesimama mbele ya sinki
nakwangua kucha.
Malimau matatu yamekwisha. Chumvi. Machicha ya kahawa.
Wino wa ngisi una ukaidi wa mkwe:
ukiufukuza mlangoni, unarudi na mizigo.

Saa tatu usiku nangojewa chamani.
Hakina kibao. Kina mlango wa kijani, kengele ya shaba,
na wanachama tisini wenye funguo tisini;
mpya hauchongwi, husubiriwa mtu afe.
Wanapika wenyewe, wanaume, wanakula walichopika,
wanaandika daftarini walichokunywa
na kulipa bila kuulizwa.
Wanawake hualikwa. Kizingiti cha jikoni hawavuki.
Hiyo ndiyo sheria, na mwaka jana imepigwa rangi upya.

Mlango huo wa kijani siujui.
Naujua wa nyuma, wa uchochoroni,
wenye ndoano ya kutundikia mizani,
ambako miaka thelathini na mmoja nimeshusha makreti
nikisema: jodari wa leo, chewa wa leo,
ngisi wa jana, msinilaumu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mimi nilianzia kwenye jembe.

Simu ilikuja Jumanne. Inaxio, mweka hazina,
alikohoa mara mbili kama mtu anayeomba mkopo.
Eskarne, tumekubaliana. Uje ukae.
Ukae.
Neno hilo nimelitafuna siku nne.

Binti yangu Nahia amepanga viatu kitandani.
Hivi virefu, mama? Hapana, vinanitazama kwa dharau.
Hivi vya mazishi ya shangazi? Hivyo vinajua njia ya kanisani tu.
Ananifunza: leso magotini, si shingoni;
mvinyo unuse kwanza, usiseme "sawa" tu;
na usisahihishe namna wanavyokata samaki.
Hapo nacheka mpaka wanja unachuruzika.
Mwanangu, hilo la mwisho siliahidi.

Tena kuna jambo sijamwambia hata yeye.
Kila Jumamosi huchagua chewa watatu.
Wa kwanza, mwenye macho ya kioo, hupanda ghorofa ya tatu
kwa Bi Prudentzi, asiye na meno wala pensheni ya maana,
kwa bei ya wa tatu.
Wa pili huenda kwa waheshimiwa
kwa bei ya wa kwanza.
Miaka yote hiyo wamemsifu wa pili.
Wamemwinulia glasi. Wamemtolea hotuba.

Leo alfajiri nilisimama sokoni na chewa wawili mikononi,
nikijua mmoja wao atalala kwenye sahani yangu,
chini ya mafuta na kitunguu saumu.
Tumbo lina hoja zake. Lilizitoa zote.
Kisha nikapanda ngazi, ghorofa ya tatu,
nikabisha.

Saa mbili na nusu. Manyunyu yale yale.
Gauni la buluu limekubali zipu baada ya mazungumzo.
Viatu nimechagua vya sokoni,
nimevisugua kwa dawa mpaka vimejisahau.
Nahia ananusa mikono yangu kama daktari:
limau, anasema. Limau, na nyuma yake bahari kidogo.

Pale mlangoni kuna kitabu cha wageni, alisema Inaxio,
kila aingiaye mara ya kwanza huweka jina.
Langu wanalo tayari, kwenye risiti elfu,
wameliandika wao, bila ukoo:
Eskarne, samaki.
Usiku huu naliandika mwenyewe, lote.

Kidole cha shahada bado kina mstari mweusi ukuchani.
Nimeacha kukisugua.
Huenda kalamu yao ikawa imekauka.