Ukurasa wa Kumi na Tisa

Nilimwandika Sihaba afe.
Mstari mmoja tu, nyuma ya risiti ya maji:
*Uk. 19. Sihaba anaanguka.*
Skolastika akausoma, akaukunja,
akauweka chini ya sufuria ya uji.
Akasema: Simchori akianguka.

Tunaishi Tabata Kimanga, chumba na sebule,
na sebule ndiyo kiwanda: meza ya kulia, taa ya kuchaji,
rula iliyopinda kwa joto.
Mimi ni maneno, yeye ni mikono.
Mchana nahesabu nondo kwenye duka la watu,
yeye anachora ng'ombe kwenye mabucha
na vichwa vya panki kwa vinyozi.
Usiku tunashona mbingu.

Maana hadithi yetu ndiyo hiyo:
juu ya bonde la Msimbazi mbingu imechanika,
na kila masika kinachovuja si mvua,
ni bahari ya watu wengine, wenye miji na madeni kama sisi.
Sihaba, fundi cherehani, ndiye mwenye sindano inayofika.
Anapanda kwa uzi wake mwenyewe.
Zimwi la Kodi lina meno matatu
na miwani ya mwenye nyumba wetu
(hajajua bado; Mungu amjalie asipende vibonzo).

Siku tatu hatukusemezana.
Asubuhi ya kwanza nikakuta mezani kiputo kitupu,
mkia wake umeelekea kwenye kiti changu.
Nikaandika ndani: *Hadithi bila kifo ni tangazo la sabuni.*
Nikaenda kwenye nondo zangu.
Jioni kiputo cha pili, mkia umeelekea jikoni,
kwa herufi zake za mabucha:
VIDOLE VILE NI VYA MAMA.

Na kweli. Miaka miwili nimevipa kazi vidole vile,
vivute, vifume, vining'inie,
bila kuuliza vimetoka wapi:
kidole gumba bapa, kucha iliyopasuliwa na cherehani
kule Buguruni, kabla sijaitwa mkwe.
Kwenye kiputo changu nikaweka nukta tatu.

Usiku wa nne akauchora ukurasa.
Hakumchora Sihaba.
Alichora sindano peke yake inashuka,
fremu sita inashuka,
na katika ya saba imechoma ardhi,
uzi wake bado umesimama wima.

Tukavunja kibubu. Nakala mia mbili, Kariakoo, kwa Hemedi.
Umeme ukakatika katikati ya kazi, ukarudi,
na mashine ikarudi na akili zake.
Kumi na tisa imetangulia kumi na nne.
Zote mia mbili.
Hemedi akasema: Bosi, watu wenyewe wanaangalia picha.
Tukakaa juu ya maboksi. Skolastika akacheka mpaka akalia,
au alilia mpaka akacheka;
sikuthubutu kuuliza.

Tukauza hivyo hivyo. Kwa kinyozi, kwa muuza chipsi,
Jumamosi nje ya tuisheni.
Elfu mbili; huna, elfu na mia tano.

Swaumu, mtoto wa mpangaji wa uani,
alisoma yake amesimama,
kidole kikiifuata sindano kushuka, fremu kwa fremu,
akafunua,
na pale, kumi na nne, Sihaba amekaa anatunga uzi,
ulimi nje kidogo.
"Kumbe," akasema, "ilidondoka sindano tu."
Akafunua tena. Hakuona cha ajabu.

Nikamgeukia mke wangu.
Alikuwa anatazama kidole gumba chake mwenyewe,
bapa, kimejaa wino.

Zimebaki nakala thelathini na moja chini ya kitanda.
Leo asubuhi mezani kuna kiputo kipya, kitupu,
mkia wake umeelekea dirishani,
nje, ambako hakuna mtu.
Sijui ni nani anayetaka kusema.
Nimechonga penseli.