Shahidi wa Saa Nane

Saa nane za usiku, Mkomani,
umeme umekatika, pangaboi limekufa,
wazo likaingia bila hodi
likaketi ukingoni mwa kitanda:
"Swafia, wewe hufai.
Umeandika tarehe kumi na tatu badala ya thelathini.
Mama wa watu katoka Faza kwa nauli ya kukopa,
kafika mahakamani, kaambiwa siku si leo.
Kesho watajua wote. Kesho utafukuzwa.
Wewe siku zote ndivyo ulivyo."

Nikaliamini. Kwa nini nisiliamini?
Lilikuwa na sauti yangu.
Lilikumbuka hesabu nilizoanguka darasa la sita,
lilikumbuka hata sahani ya nyanya niliyoivunja,
ile ya kidaka cha juu, yenye samaki wa buluu,
na vipande nilivyovificha kwenye pipa la unga.

Lakini mimi ni karani.
Miaka kumi na mmoja nakaa chini ya kiti cha hakimu
napiga taipu maneno ya walioapa.
Naijua sauti ya mtu anayesema alichokiona
na ya mtu anayesema alichokiogopa;
ya pili husema haraka.

Na hili lilikuwa likisema haraka.

Nikawasha tochi ya simu,
nikachukua daftari la madeni ya duka, ukurasa wa nyuma,
nikaliapisha.

"Unasema siku zote. Ni siku ngapi hizo? Taja."
Likataja moja. Ya mwaka juzi.
"Unasema wote. Wote ni nani?"
"Bwana Kombo."
"Na nani tena?"
"... Bwana Kombo."
"Ulimsikia akisema?"
"Niliuona uso wake. Kaukunja."
"Bwana Kombo kakunja uso tangu Jumanne
alipong'olewa gego."

Sikusema ni uongo mtupu.
Tarehe niliikosea, na nauli ya mama yule
si karatasi ya kufutwa kwa raba.
Nikaliandika kosa peke yake, mstari mmoja:
Nilikosea tarehe.
Nikalitazama. Lilikuwa fupi.
Nikatafuta ndani yake neno "hufai",
herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele.
Halikuwamo.
Mtu alilibandika baadaye.

Sitadanganya: usingizi haukuja.
Nilisikia adhana ya alfajiri macho makavu.

Asubuhi, kichochoro cha kuelekea Langoni,
punda wa Lali akaja na mifuko minne ya saruji,
ukuta huku, ukuta huku, na mimi katikati.
"Ndia! Ndia!"
Nikajibanza kwenye daka la watu,
mgongo juu ya mlango wa baridi,
punda akapita, jasho lake likanigusa buibui,
wala hakunitazama. Alikuwa na safari yake.
Kumbe si kila kinachokujia kinakujia wewe.

Penye kona Lali hakumvuta mkia, hakupiga kelele.
Alimgusa shavu kidogo tu, kwa vidole viwili.
Kichwa kikageuka,
na saruji yote ikafuata kichwa.

Nikasimama pale nikiwaza shavu.

Kabla ofisi haijafunguliwa nikapiga simu Faza.
"Mama, ni karani wa mahakama. Kosa ni langu."
Akanigombeza dakika nne kamili,
akanitajia jua, boti, mjukuu aliyemwacha na homa.
Nikasikiliza. Hakusema sifai.
Alisema, mwishowe, "Sasa tarehe yenyewe ni ipi?"
Nikamwambia. Nikaitamka mara mbili.
Nikamtumia nauli, na mia ya juu ya panadoli ya mtoto.

Usiku wa leo limerudi,
sauti ileile, ukingo uleule wa kitanda.
Nimelisogezea kiti.
"Haya," nimeliambia, "kabla hujaanza:
uliona kwa macho, au uliambiwa?"

Likajikohoza.
Likaomba maji.