Faiba Imefika Barabara ya Kumi na Nane

Kwa bando la simu, Mbwana alikuja vipande:
kidevu kwanza, sauti baadaye,
halafu kiduara kinazunguka, kinazunguka,
nami nimeinua simu dirishani kama naanika kanga.

Tukanunua ruta ya laini. Mchana, sawa.
Saa mbili usiku Ngamiani nzima iko hewani,
mwanangu anaganda mdomo wazi.

Jana Shekue kapitisha waya mwembamba
juu ya mlango, katoboa ukuta, kapima:
“Mega ishirini kushuka, ishirini kupanda, bibi.”
Sikuuliza kupanda wapi.

Nikapiga Maskati.
Akatokea mzima, papo hapo,
hata mshono wa shati nauona.

Mbwana,
mvi hizo tangu lini?