Rasimu ya Tatu

Nilipewa kurasa arobaini na nane za Kiingereza
nizigeuze kurasa nne za Kiswahili,
za kubandikwa jikoni, karakana, na getini kwa walinzi,
kila mtumishi ajue chuo kinaelekea wapi.
Neno la kwanza tu likanigomea.

Niliandika: kutaifisha chuo.
Mzee Mfinanga wa stoo akasoma, miwani puani,
akakiweka kikombe chini.
"Baba alilinda shamba la Mgiriki, la kahawa.
Likataifishwa Ijumaa.
Jumatatu mlinzi yule yule, geti lile lile,
ila mshahara ndio ukachelewa."
Nikachomeka silabi mbili, ki na ma:
kukimataifisha.
Akalitamka mara moja, akaomba maji.

Kamati hukaa ghorofa ya pili, madirisha yakitazama Kibo,
na Kibo kajifunika tangu Jumapili
kama mkwe asiyetaka kuonana.
Profesa Kaanaeli anataka wageni asilimia kumi.
Walale wapi, hilo lina kamati yake ndogo.
Tuna hati za ushirikiano na vyuo kumi na viwili;
kimoja kilituletea saa ya ukutani
inayosoma saa za kwao,
na hakuna aliyethubutu kuigusa mishale.
Tunaitazama, tunajumlisha, tunatoa sita,
tunachelewa.

Dibaji ilianza: Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mkuu wa kitivo akauliza, "Apone ugonjwa gani?"
Mhasibu, bila kuinua kichwa:
"Ukata."
Hilo sikuliingiza katika muhtasari.

Kahawa ya mlimani haina mkakati.
Hukobolewa, huonjwa, hutemwa, hupewa namba,
huondoka.
Haijapata kurudi ikatusimulia.

Na mgeni tunaye tayari.
Ndayizeye, wa Gitega, mwaka wa pili wa hesabu.
Likizo wenzake walipotawanyika
alibaki bwenini na taa moja,
kibali chake cha ukaazi kikingoja sahihi mjini.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi ya tatu tulimpa fomu,
ya nne fomu ya kuombea ile fomu.

Nakijwa wa jikoni hakuwa kwenye kamati.
Alimwona akikoroga maharage bila kuyala,
akamuuliza, "Kwenu mnakula nini?"
"Isombe."
Alipoelezwa akacheka mpaka akashika meza:
kumbe kisamvu!
Akaenda Kiboriloni kwa nauli yake,
mawese akayapata Majengo kwa mama mmoja wa Kigoma,
akatwanga mchana kutwa.
Haikutoka sawa.
Ndayizeye alikula sahani mbili,
akasema chumvi imezidi,
akaosha sufuria.

Kwenye rasimu ya pili niliongeza mstari:
Kisamvu cha mawese, Jumanne moja kila mwezi.
Mhusika: Nakijwa Mbwambo.
Ikarudi, mstari umepigwa wino mwekundu,
pembeni swali:
Kiashiria cha kupimia ni kipi?

Nilikaa nalo swali hilo hadi umeme ukakatika.
Sahani? Chumvi?
Mara ngapi alicheka?

Mzee Mfinanga anaapa neno lipo kwa Kipare,
alilisikia kwa bibi yake,
litamjia.
Wiki ya pili sasa halijamjia.

Basi rasimu ya tatu nimeacha pengo:
Chuo chetu kinakusudia ku. . . . . . . . . . . .
Nikagonga muhuri, nikabandika hivyo hivyo.

Asubuhi nikapita kuzikagua.
Jikoni mtu amejaza kwa kalamu ya risasi,
herufi kubwa, zinapanda mlima:
kuULIZA WANAKULA NINI.
Getini wamejaza kwa wino:
kulipa ovataimu.

Nimepima kwa rula.
Yote mawili yanaenea.