Wino Mwekundu, Newala

Maji haya Somoe ameyapandisha
kutoka bondeni, alfajiri, ndoo kichwani.
Nusu nimeitia wino mwekundu,
nikasimika shina la mchicha
na bua changa la muhindi.

Saa nane, wembe.
Mchicha: vitone vyekundu vimejipanga duara,
mviringo wa kata.
Muhindi: vimetapakaa shina zima,
shamba la mtu aliyepanda bila kamba.

“Mwalimu, nani anayavuta?”
Jani. Likitoa jasho juu, maji hufuata.
“Na hivyo vibomba, vinachoka?”
Vilishakufa, Somoe. Vilikufa kwanza,
zikabaki kuta, na njia.

Ananyamaza. Anajigusa utosi.
Kisha anauliza
kama nusu isiyo na wino
anaweza kuinywa.