Kipimo cha Alhamisi

Kila Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo,
kabla pampu ya Kisongo haijaanza kukohoa,
nafungua kufuli la kisima kisichotekwa maji.
Hakina ndoo, hakina foleni.
Kimechimbwa kiseme kweli tu.

Nateremsha utepe. Unapita giza,
unapita majivu ambayo Meru iliyatapika
kabla hajazaliwa wa kuupa mlima jina,
unapita, unapita,
mpaka king'ora chake kidogo kinalia: tii.
Naandika kwa penseli. Wino ukilowa hukimbia.

Mwaka nilioanza kazi: mita thelathini na nane.
Mwaka aliozaliwa Nanyori wangu: arobaini na moja.
Mwaka wa nyumba za wageni na vitunguu vya kiangazi:
arobaini na tisa.
Machi hii: hamsini na sita, nukta ishirini.

Haba na haba hujaza kibaba,
tuliimbishwa darasa la pili.
Hesabu ya kurudi nyuma
hakuna mwalimu aliyeiandika ubaoni.

Kwenye ofisi ya kata, Saitabau aliinuka na kibali mkononi:
kisima cha tatu, mita mia na themanini,
cha kuoshea malori ya ng'ombe siku za mnada.
"Kule chini," alisema, "Mungu hakufunga mita."
Watu wakacheka, naye akacheka,
meno yake ya kahawia kama yangu,
kama ya nusu ya waliokuwa mle ndani.
Tungepotezana Mwanza au Tabora,
tungetambuana kwa kucheka.

Nikasema: maji unayoyafuata huko
yalinyesha mlimani babu yako akiwa bado layoni.
Yamekaa na mwamba miaka yote hiyo,
yamejifunza tabia zake.
Ukizidi kushuka unakuta floridi kali zaidi,
na wajukuu ndio watakaoitabasamu.

Nikageuza kalenda ya mwaka jana, nikachora nyuma yake.
Mstari ulishuka kama mtu anayejua aendako.
Pampu ilale toka Jumamosi mchana hadi Jumatatu alfajiri.
Kila kisima kifungwe mita, cha kanisa na cha msikiti pia.
Paa la shule lipate mifereji na tangi.
Na lile korongo, linalopeleka mafuriko kwa watu wengine,
tulijengee vikuta vya mawe, vifupi, vya kufika gotini,
ili mvua ya vuli ikija na haraka zake
iambiwe kama mgeni yeyote: karibu, keti kwanza.

Ndipo Nembris, muuza maziwa, akauliza toka nyuma:
"Na wewe mpimaji, mchicha wako unaunywesha nini?"

Kimya. Feni peke yake ndiyo iliyoendelea kuchangia hoja.

Nilikuwa na matuta saba.
Na mpira, nusu inchi, uliolala wazi usiku kucha
huku mwenyewe nimelala na daftari mtoni.
Sikuwa na jibu, nikasema matatu.
Tangu siku ile ni matuta matatu,
yanakunywa maji ya kuoshea vyombo,
na Nanyori hulalamika kuwa mboga inanuka sabuni.

Saitabau hakuchimba. Hakukubali pia;
anasema anangoja bei ya mabomba ishuke.
Vikuta viwili vilibomoka mvua ya kwanza.
Mita ya kanisa imekwama kwenye sifuri
na hakuna anayethubutu kumuuliza mchungaji.

Alhamisi iliyopita niliteremsha utepe.
Tii.
Nikaurudisha, nikaukausha kwa khanga, nikaushusha tena.
Mara tatu.
Hamsini na sita, nukta kumi na sita.

Sentimita nne:
upana wa vidole viwili,
kimo cha maji yanayobaki kwenye beseni
mtoto akishaoga.

Huenda ni mvua. Huenda ni mkono wangu.
Huenda ni sisi.
Niliandika, sikukoleza penseli,
nikafunga kufuli.
Pampu ikaanza kukohoa.